Salamu kwa Mende wa Masijala

Nchi yetu ina jina zuri tu, ila siku hizi tumeombwa tusilitaje ovyo, kwa hiyo nitasema nchi yetu, nanyi mtaelewa. Ni nchi yenye utulivu. Ina vituo saba vya televisheni vinavyoshindana vikali kusoma taarifa moja, na vyote saba ni mali ya Shirika la Upeo. Magazeti kumi na moja nayo ni ya Upeo, na redio, na mabango ya barabarani, na hata vile vipaza sauti vya stendi vinavyotangaza kwamba basi limeharibika. Kilichokuwa kimebaki bila kununuliwa ni chumba chetu kimoja, ghorofa ya kwanza juu ya duka la magodoro, tulimokuwa tukitengeneza gazeti la katuni.

Habari ya kununuliwa niliisikia redioni kama watu wengine. Mtangazaji alisema Upeo imeichukua Kampuni ya Kiroboto Wachapaji, yaani sisi, na kwamba mashabiki wameipokea habari hiyo kwa shangwe na vigelegele. Nikatazama saa ya ukutani. Habari yenyewe ilikuwa haijamaliza hata dakika moja tangu isomwe. Nikajisemea kwamba kweli mashabiki wetu ni watu wepesi.

Mimi ni Mshamu Kingwande. Sichori. Mchoraji wetu alikuwa Nyangasi, bwana mmoja mnene asiyependa kuongea, na katuni yake iliitwa Mende wa Masijala. Shujaa wake ni mende. Hana jina, hana misuli, hata kuruka kwenyewe anaruka kwa taabu. Anaishi kwenye masijala ya wizara fulani, kule yanakotunzwa mafaili, na kazi yake ni moja. Mwananchi akiambiwa faili lake halionekani, mende anapita chini ya mlango, analitafuta, na analisukuma kwa kichwa mpaka linakaa juu ya rundo. Kesho yake mwananchi akija anaambiwa lipo. Basi, hadithi imekwisha. Jamani, watu walikuwa wanalia wakisoma.

Walikuwa na sababu ya kulia. Wasomaji walizoea kutuandikia namba za mafaili yao yaliyopotea kwelikweli, ya viwanja, ya mafao, ya talaka, na Nyangasi akiguswa na barua alimchora mende akisukuma faili lenye namba ileile. Makarani wa masijala halisi nao walikuwa wasomaji wetu wakubwa, gazeti wanalificha ndani ya daftari la barua zinazoingia. Wakiona namba imechorwa, sijui waliona aibu, sijui waliogopa, lakini siku ya tatu faili lilionekana. Kila mara ilisemwa lilikuwa limeanguka nyuma ya kabati. Nadhani serikali yetu ina kabati moja kubwa sana.

Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa mwisho, ukurasa wa salamu. Msomaji wa Mende hata akiwa na hasira namna gani, hawezi kutuma barua kavu. Anaandika jina lake, jina lake la utani, mtaa wake, kisha anasalimu watu kumi kwa majina kamili na mahali wanapokaa, na mwisho kabisa anamsalimu mtayarishaji, yaani mimi. Nilikuwa napokea barua kutoka kwa Jongo Mtoto wa Foleni wa Stendi ya Juu, Baba Nasra Mkata Tiketi Asiyesafiri, Bi Mosi Sahihi Bado Moja. Kuacha kusalimu watu kumi ni ukosefu wa adabu, na mashabiki wetu walikuwa na adabu kupita kiasi.

Katika wote hao kuna mmoja aliyekuwa ananinyima raha. Huyo ni Mwalimu Tausi Ngwembe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, wa Mtaa wa Tanuri. Mwanawe wa pekee, Hamdani, fundi redio, alishuhudia gari la mkubwa mmoja likimgonga muuza maji. Akachukuliwa akatoe maelezo. Ili maelezo yasiharibike, wakayaweka mahabusu pamoja na mwenyewe. Baadaye faili likapotea. Hamdani hakuweza kuachiwa, maana hakushtakiwa, na hakuna hati ya kumwachia mtu ambaye hakushtakiwa. Miaka mitatu na miezi miwili Mwalimu Tausi alituandikia kila mwezi, kwa mwandiko ule wa ubaoni, namba ya faili ikiwa imepigiwa mstari kwa rula: 714.

Mwishowe Nyangasi aliichora. Ukurasa wa tano wa toleo la sitini, mende kapinda mgongo, anasukuma faili namba 714. Ulikuwa uende mtamboni Jumatatu. Upeo walitununua Jumamosi.

Jumatatu hiyo alikuja Mkurugenzi wa Furaha za Umma wa Shirika la Upeo, Dokta Kanali mstaafu Bonifasi Lukaranga, na wapiga picha watatu. Tulikuwa wafanyakazi wanne, lakini alituhutubia kwa kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "furaha ya shabiki ni madini. Imelala tu ardhini, haimsaidii mtu. Sisi tutaichimba, tutaisafisha, kisha tutamrudishia mwenyewe ikiwa na ubora wa kimataifa."

Akaanzisha Kitengo cha Mapokezi ya Mashabiki na kuniteua mimi kukiongoza. Cheo changu kilikuwa kirefu hata kibao cha mlangoni kikatengenezwa vipande viwili, cha pili kikapigiliwa kwenye duka la magodoro. Ukurasa wa tano alirudishiwa Nyangasi ukiwa na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Ile karatasi niliichukua, nikaufuta ule wekundu kwa kifutio mpaka vidole vikauma, nikaifungia kwenye mtoto wa meza yangu.

Toleo jipya likatoka kwa rangi nne. Mende alikuwa amepata ajira. Amevaa tai, papasi zake, zile nyuzi mbili za kichwani, zimepunguzwa kwa ajili ya unadhifu, na cheo chake ni Ofisa Mwandamizi wa Upotevu. Kurasa ishirini na nne nzima ameketi kwenye kiti cha kuzunguka akimweleza mama mmoja faida za kusubiri. Ukurasa wa mwisho mama anashukuru.

Mashabiki wakachachamaa. Si wote, nisiwasingizie. Wako waliosema angalau sasa kuna rangi, na wako waliosema tumpe mende muda azoee ofisi. Lakini wengi walipandwa na mori. Bi Mosi aliandika kwamba ameyarudisha matoleo yote hamsini na tisa, moja moja, kila moja kwa bahasha yake. Kule Stendi ya Juu walimtandikia mende mkeka, wakakaa matanga siku tatu, makondakta wakapokezana kupika. Jongo aliuliza kwa herufi kubwa ni nani aliyemkata mende papasi na alitumia mkasi wa nani. Barua zilijaa gunia, kisha magunia. Na kila mmoja, akishamaliza kututukana, alisalimu watu kumi.

Nilimpelekea Dokta Lukaranga magunia hayo nikitegemea atawaka. Alifurahi kama mtu aliyeletewa mchele wa shamba. Alichukua mkasi, akakata barua ya kwanza katikati. Kipande cha juu, chenye matusi, kikaenda kwenye pipa la taka. Kipande cha chini, chenye salamu, akakilaza mezani na kukinyoosha kwa kiganja.

"Maoni ya mtu hubadilika, Mzee Kingwande," akasema. "Nani anamsalimu nani, hilo halibadiliki haraka."

Kuanzia siku ile nikawa nakata. Ukuta mzima uliwekwa ubao wa kijani. Kila jina likapata pini, na kila salamu ikawa uzi kutoka pini hadi pini. Kanuni aliitunga Mkurugenzi mwenyewe na akaisoma mbele ya televisheni zote saba. Mtu yeyote atakayefikisha nyuzi mia mbili, bila kujali cheo, umri wala jinsia, bila kujali nyuzi zimetoka kwa nani, ataalikwa Chai ya Shukrani kwenye jengo la Upeo, ghorofa ya tisa. Kifungu cha sita kilikataza mtu yeyote kuchomoa uzi, kwa kuwa kufanya hivyo ni kupunguza upendo wa wananchi. Mimi peke yangu sikuhesabiwa, ingawa kila barua ilinisalimu. Aliniweka katika orodha ya vifaa vya ofisi.

Aliyeanza kualikwa alikuwa Jongo. Stendi nzima walimsindikiza. Alikaa huko siku mbili, akarudi msafi, amenyolewa vizuri, akiwa na chupa ya chai aliyozawadiwa. Barua yake iliyofuata ilikuwa na maneno mawili: "Nimeridhika. Jongo." Hakuna Mtoto wa Foleni. Hakuna watu kumi. Niliigeuza karatasi nikadhani ameandika nyuma.

Wakafuata wengine. Bi Mosi, ameridhika. Baba Nasra, ameridhika. Kila wiki nilipokea barua fupi zaidi, na mkasi wangu ukakosa cha kukata. Niliogopa, sitaki kuwadanganya, lakini nilikuwa mtumishi, nikaendelea kuweka pini. Kisha akaalikwa Nyangasi. Aliporudi alikaa mezani kwake, akachonga penseli, akaanza kuchora mistari iliyonyooka, safi kabisa, kurasa na kurasa. Nikamwonyesha kwa siri ule ukurasa wa tano. Aliutazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha ya ukoo asioujua ni wa nani.

Wiki hiyo ndiyo Mwalimu Tausi alikuja mwenyewe ofisini, asubuhi, na mwavuli wake, kanga imefungwa kwa pini begani. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani, ndipo akauliza habari ya faili la mwanawe. Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama mbele ya ubao wa nyuzi, akausoma kama walimu wanavyosoma daftari la mahudhurio, mstari kwa mstari. Akaliona jina lake. Alikuwa na nyuzi mia moja na themanini na tatu.

"Kaka Mshamu," akasema, "hii kanuni inamhusu kila mtu?"

Nikamjibu kwamba inasema bila kujali cheo. Akaniomba nimsomee tena taratibu, ikiwa pamoja na pale pa bila kujali nyuzi zimetoka kwa nani. Nikamsomea. Akaomba karatasi, akaketi kwenye kiti cha wageni, akaandika barua fupi ya kuisifu tai ya mende. Chini akasalimu watu kumi. Wa kwanza alikuwa Dokta Bonifasi Lukaranga wa jengo la Upeo. Wa pili Dokta Bonifasi Lukaranga. Wa tatu vilevile, hadi wa kumi. Kisha akaniaga na kwenda zake, na sikumwuliza anaelekea wapi.

Mashabiki ambao hawajanywa chai bado walikuwa wengi, na Mwalimu Tausi alikuwa amefundisha kusoma nusu ya mji. Baada ya siku chache barua zikaanza kumiminika, zote zikisifu tai, zote zikimsalimu mtu mmoja mara kumi. Mimi nilikata na kuweka nyuzi, kazi ni kazi. Dokta Lukaranga alipita kila saa kuangalia jinsi jina lake linavyonona ukutani. Alisema alijua siku moja wananchi watamwelewa. Akaita wapiga picha, akapigwa picha amesimama mbele ya ubao, nyuzi zote zikimwendea yeye.

Jumatatu akaletewa kadi ya mwaliko, imechapwa na ofisi yake mwenyewe. Alicheka. Akaisoma tena, akaacha kucheka, akafunga mlango. Akaniomba nichomoe nyuzi chache tu, hamsini hivi. Nikamkumbusha kifungu cha sita. Tangu tufahamiane alikuwa hajawahi kuniangalia usoni, siku ile aliniangalia.

"Kaka yangu," akasema, "mimi nina watoto."

Nilimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Nilimfikiria Hamdani, na sikuchomoa hata uzi mmoja. Wakaja vijana wawili wapole wakampeleka, akitembea katikati yao na koti lake mkononi.

Alirudi Alhamisi. Amenyolewa, ana chupa yake ya chai. Alikaa kwenye kiti chake akatazama ukuta wa mbele, uso umetulia, akawa anasaini kila kitu kilichowekwa mbele yake. Alisaini risiti ya maji. Alisaini kalenda. Nikautoa ukurasa wa tano, nikauweka mbele yake. Akasaini. Niliupeleka mtamboni mwenyewe, kwa miguu, nikasimama pale mpaka nakala ya mwisho ikatoka: mende bila tai, papasi ndefu, kapinda mgongo, 714.

Siku ya tatu faili likaonekana. Lilikuwa limeanguka nyuma ya kabati. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye mstari mmoja, kwamba shahidi aachiwe akishatoa maelezo, na sahihi ya siku ileile aliyochukuliwa. Hamdani akatoka mahabusu saa nne asubuhi. Mimi sikwenda kumpokea. Nilikaa ofisini, nikainamisha kichwa mezani, nikalia kama mtoto.

Mkurugenzi mpya alifika siku hiyohiyo mchana. Ni mama wa makamo, ana sauti laini, hahutubii, na jina hakututajia. Aliutazama ule ubao kwa muda, akasema pini na nyuzi ni mambo ya zamani. Tangu sasa Upeo itahesabu salamu moja kwa moja mitaani, kuna vijana wamekwisha fundishwa. Kisha akauliza swali moja tu, huyu Mshamu Kingwande aliyesalimiwa mwisho wa kila barua ni nani. Nikasema ni mimi. Akanitoa kwenye orodha ya vifaa vya ofisi. Alisema tusihangaike na ya nyuma, hesabu yangu ianze upya kesho asubuhi, kwa kiwango kilekile cha mia mbili.

Mia mbili, katika mji wetu, mtu anamaliza kabla ya adhuhuri. Ukienda kununua mkate unasalimiwa na muuza mkate, mkewe, mama mkwe wake na wote waliosimama foleni. Na habari ya ukurasa wa tano ilikuwa imeenea, kila mtu alitaka kunishukuru. Jioni ile nilikwenda hadi Mtaa wa Tanuri. Mwalimu Tausi alinifungulia mlango kidogo tu. Nikamwambia yaliyonikuta. Hakutoa shukrani, hakunikaribisha ndani. Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa, akajitanda kanga, akatoka kupitia mlango wa uani.

Kesho yake nilitoka nyumbani saa mbili. Jirani yangu, tuliyesalimiana kila siku kwa miaka ishirini, alikuwa anafagia. Aliponiona akageukia ukuta, akafagia ukuta. Muuza chapati alinifungia chapati zangu mbili, akaniwekea na ya tatu, akanipa huku anatazama juu ya paa. Mtoto wa kinyozi alifumbua mdomo, dada yake akauziba kwa kiganja. Wanafunzi, makondakta, mama wa maua, wote walinipisha njia kimya, macho chini, na wengine niliona machozi yanawalenga. Nimeishi miaka hamsini na tisa, na siku hiyo ndiyo nilijua ninavyopendwa. Nilitembea nimebana meno nisije nikamsalimu mtu kwa bahati mbaya.

Pale kona ya posta nikakutana na Mwalimu Tausi na mwanawe. Hamdani nilimfahamu kwa paji la uso, la mama yake. Amekonda, shati linamning'inia. Na yeye alinijua, maana alisimama, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa, akaanza, "Shika—" Mama yake akamvuta mkono kwa nguvu karibu amwangushe. Wakapita. Bega la mama liligusa langu.

Nilikuwa nimepiga hatua kama sita hivi niliposikia nyuma yangu sauti nzuri, yenye heshima zote.

"Shikamoo, Mzee Kingwande."

Nikageuka. Alikuwa bwana mmoja nadhifu, kanyolewa vizuri, simjui. Nikaitika marahaba, ningefanyaje? Akabonyeza kidude kidogo kilichokuwa kiganjani mwake. Akatabasamu.

"Shikamoo, Mzee Kingwande."

Na tena. Na tena. Hakuwa na haraka. Watu walisimama pande zote mbili za barabara, na Mwalimu Tausi alikuwa ameziba uso kwa kanga. Kila aliposalimu niliitika, kwa kuwa mtu mzima akiamkiwa huitika. Tulipofika mia moja na tisini koo langu lilikauka, sauti ikakataa kutoka. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba naomba maji. Ni mtu wa adabu, amekubali, na amemtuma muuza chapati akaniletee kikombe. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuwasimulia haya, hapa kwenye ngazi za posta, naye amesimama pembeni ananisubiri nimalize kunywa. Zimebaki kumi.